Reale ya Nyanya

Nyanya aliitoa kwenye mkebe wa biskuti anaowekea vyeti vyake, ikiwa imefungwa kwa kipande cha leso kuukuu. Akaniwekea kiganjani, kisha akakikunja kiganja changu kwa mikono yake miwili, kama mtu anayempa mtoto peremende wenzake wasione.

"Kaiuze," alisema. "Ulipe hiyo karo, urudi chuoni."

Nikamwambia, "Asante, nyanya." Sikumwambia kwamba chuo nilikiacha miezi minane kabla ya siku hiyo. Yeye alidhani nimerudishwa nyumbani kwa deni. Ukweli ni kwamba karo ya kulipa haikuwepo tena, na mpango wa kurudi pia haukuwepo. Kilichokuwepo ni kodi ya chumba ya miezi mitatu, Fuliza, na jina ambalo watu wa Kona ya Musa walinipa siku barua ya chuo ilipofika: Wakili.

Nimeanza na hilo makusudi. Insha hii inauliza swali moja tu: kunyamaza ni uongo? Lau ningeanza na historia ya sarafu nikauruka mkebe wa nyanya, ningekuwa nimeshalijibu, tena vibaya.

Sasa sarafu yenyewe. Ni kubwa, upana wake karibu sentimita nne, na ukiishika unahisi uzito ambao hela zetu za siku hizi hazina. Upande mmoja kuna mwanamke aliyejaa mashavu, mtandio kichwani, bruchi begani. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili, kimoja kinatazama kushoto, kingine kulia, taji juu, ngao kifuani, mabawa wazi. Juu kuna kipete kilichochomelewa ili sarafu ipitishwe kwenye mkufu. Utotoni nilikuwa namwogopa yule ndege. Nyanya aliniambia kichwa kimoja hulala na kingine huchunga, basi nikawa naogopa zaidi, maana sikujua kipi kiko macho.

Na mwishoni mwa maandishi ya Kilatini yanayomzunguka tai, kuna mwaka: 1780.

Nilianzia kwa sonara, Ukunda. Aliiweka kwenye mizani, akaikwaruza kidogo pembeni, akanitajia elfu tatu na mia tano. Nikamwonyesha mwaka. Akacheka. "Mwaka usikusumbue, kijana. Hizi zote zimeandikwa hivyo. Baba yangu aliyeyusha nyingi, akatengeneza bangili. Sisi twanunua fedha, mwaka hauna uzito."

Usiku huo nilikaa na simu hadi bando likaisha. Yule mwanamke ni Maria Theresa, aliyetawala Austria na Hungaria kuanzia 1740 hadi alipofariki Novemba 1780. Sarafu yake ilikuwa imeshapendwa na wafanyabiashara wa kahawa wa Yemen na wa Bahari ya Shamu kwa jumla, kwa sababu uzito wake haukubadilika: gramu 28 na kitu, sehemu tano kati ya sita zikiwa fedha tupu. Alipokufa, wateja hao hawakutaka sura nyingine. Kwa hiyo viwanda vya sarafu viliendelea kuipiga ileile, na mama yuleyule, ndege yuleyule, mwaka uleule. Vienna iliipiga. Milan na Venice ziliipiga. Mwaka 1935 Mussolini alipokuwa anajiandaa kuivamia Ethiopia, alipata mihuri yake kutoka Austria ili ipigwe Roma, maana Uhabeshi ndiyo iliyokuwa pesa ya sokoni. Waingereza nao wakaanza kuipiga London, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakaipiga Bombay. Vienna inaipiga hadi leo. Zote zinasema 1780.

Nilihesabu lulu za bruchi na manyoya ya mkia wa tai, nikilinganisha na picha za wakusanyaji. Iliyofanana zaidi na ya nyanya ni ile ya Bombay. Hilo liliingia akilini, kwa sababu sarafu nyanya aliachiwa na baba yake, na baba yake alikuwa baharia wa majahazi. Kwa hiyo nilichokuwa nimeshika pengine kilizidi umri wa nyanya kwa miaka michache tu.

Asubuhi rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ufuoni Diani alinipigia. Amepata mgeni, mzee mstaafu, anatafuta kitu cha kale cha kumpelekea mjukuu wake. Alikuwa amemtumia picha. Mzee ameona 1780, amechanganyikiwa kwa furaha. Anatoa elfu ishirini na tano.

"Lakini si ya 1780," nikamwambia.

"Kwani nani amesema ni ya 1780? Wewe umesema? Mimi nimesema? Si imeandikwa yenyewe?"

Hapo ndipo kesi ilipo. Nisingesema neno. Ningeweka sarafu mezani, macho ya mgeni yangesoma, mkono wake ungetoa pesa. Uongo ungefanywa na chuma.

Chuoni nilisoma sheria mwaka mmoja na nusu. Kitu kimoja nilichobaki nacho ni stori aliyoiandika Cicero wa Roma mwaka 44 kabla ya Kristo. Mfanyabiashara ametoka Alexandria na nafaka, anakwenda kisiwa cha Rhodes kilicho na njaa. Njiani ameona meli nyingine nyingi zimejaa nafaka, nazo zinakuja. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, bei ishuke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema kutosema si kuficha. Mwenye mali atangaze kasoro ambazo sheria inamtaka atangaze, basi. Mwanafunzi wake Antipater anasema hapana, mnunuzi anastahili kujua yote anayoyajua muuzaji. Cicero anamuunga mkono Antipater, na sababu yake ni rahisi: kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako, watu wasijue jambo ambalo kulijua kungewafaa wao.

Lakini sikuhitaji kwenda Roma. Mtoto yeyote aliyepita madrasa pwani hii ameisikia hadithi ya Mtume kupita sokoni akatia mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikakuta umaji ndani. Muuzaji akajitetea kwamba ilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini basi ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Yule muuzaji hakuwa amesema neno lolote la uongo. Alipanga tu lundo lake, kavu juu, mbichi chini, akaacha macho ya wateja yafanye kazi.

Malundo mawili ya nafaka, bahari mbili tofauti, na jibu ni moja. Ningeishia hapo, lakini rafiki yangu si mjinga, na hoja yake ya pili ilinisumbua zaidi.

"Basi hiyo sarafu yenyewe ni tapeli," alisema. "Miaka mia mbili na zaidi inadanganya dunia nzima, na dunia nzima inaipokea. Wewe ndiye wa kuisahihisha, Wakili?"

Nilifikiria hilo kwa muda mrefu, na nadhani amekosea, ila kosa lake lina mafunzo. Mtazame tai. Hakuna ndege mwenye vichwa viwili duniani. Mbona hakuna mtu aliyewahi kurudisha sarafu akilalamika kwamba ndege huyu hayupo? Kwa sababu hakuna aliyedhani yupo. Ni alama ya dola, kama simba wawili walioshika mikuki kwenye nembo ya Kenya. Hatumshtaki mchoraji kwa kuwa hatujawahi kumwona simba aliyeshika mkuki Shimba Hills. Mchoro wa uongo ambao kila mtu anajua ni mchoro haumwibii mtu.

Kwa watu wa pwani wa karne ya 19, mwaka 1780 ulikuwa kama yule tai. Hawakuusoma kama tarehe. Sarafu hizi waliziita reale, na kila moja waliipa jina kwa walichokiona wao. Ile ya Kihispania yenye nguzo mbili waliiita reale ya mzinga, kwa sababu waliziangalia nguzo wakaona mizinga. Hii ya Maria Theresa iliitwa reale ya Sham. Waarabu waliiita Abu Nuqta, yaani mwenye nukta, kwa zile lulu ndogo walizozihesabu kabla ya kuipokea. Pembeni mwa sarafu kuna herufi zilizoinuka kuizunguka yote, ili mtu akimega fedha kidogo ionekane. Kila kitu kwenye chuma kile kilikuwa muhuri wa ahadi moja: uzito ni uleule. Na ahadi hiyo ilitimizwa. Ilitimizwa Zanzibar, Muscat na Harar. Muuzaji alijua, mnunuzi alijua, na kila mmoja alijua mwenzake anajua. Uongo haukuwa na pa kukaa.

Unapata pa kukaa siku reale inapofika Diani mikononi mwa mzee ambaye hajui. Chuma hakijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mmoja anayejua na mmoja asiyejua, na tofauti ya elfu tatu na mia tano na elfu ishirini na tano ni bei ya kutojua huko. Kwa hiyo ukiniuliza sarafu ni ya kweli au ya uongo, nitakuuliza: kati ya nani na nani?

Nikajipa kipimo. Kama nikimwambia mnunuzi kila ninachojua na bado anataka kununua, biashara ni halali. Kama biashara inakufa pale tu ukweli unapoingia mlangoni, basi nilikuwa namuuzia ujinga wake, fedha ikiwa kifungashio tu.

Rafiki yangu akaleta hoja ya tatu. Mzee atafurahi, mjukuu atafurahi, wewe utalipa deni, mimi nitapata kamisheni, nani ameumia? Akaongeza ushauri wa bure: "Tena mwambie na stori ya Shimoni. Mwambie pengine ilinunua mtumwa. Bei itapanda."

Nilinyamaza. Shimoni iko kusini ya Msambweni, na kuna mapango ambayo masimulizi ya wenyeji yanasema watu walifungiwa humo wakisubiri majahazi. Na ni kweli kwamba katika Zanzibar ya karne ya 19, pembe za ndovu, karafuu na binadamu vilipangiwa bei kwa reale. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Hapa pwani ya Kenya utumwa wenyewe ulifutwa kisheria 1907. Kwenye ukingo wa sarafu ile, zile herufi zilizoinuka, kumeandikwa maneno ya Kilatini: Justitia et Clementia. Haki na Huruma. Fikiria watu wangapi walihesabiwa bei kwa chuma kilichozungushiwa maneno hayo.

Lakini sarafu ya nyanya, kama ni ya Bombay, haikununua mtu. Kusema pengine ilinunua ni kuwatoa marehemu pangoni wakafanye kazi tena, safari hii kwa kamisheni. Hapo nilielewa kwa nini hoja ya "nani ameumia" hainitoshi. Wanaoumizwa na uongo si lazima wawe mezani.

Tukakutana na mzee jioni, chini ya mnazi, karibu na vibanda vya vinyago. Nikamweleza yote: Maria Theresa, Yemen, Mussolini, Bombay, baba ya nyanya na jahazi lake. Nilieleza vizuri, nadhani. Alisikiliza kwa adabu, akaigeuza sarafu mara mbili tatu, akasema hadithi ni nzuri sana lakini yeye alitaka kitu cha 1780. Akanirudishia. Akamnunulia mjukuu wake kinyago cha twiga.

Nisijifanye shujaa. Rafiki yangu ana mtoto mchanga, na ile kamisheni alikuwa ameshaipangia maziwa. Siku mbili hakupokea simu yangu. Ukweli wangu ulilipiwa na mtu ambaye hakuulizwa, na sina falsafa ya kulifuta hilo. Nilimwendea siku ya tatu na elfu moja ya kukopa. Akaipokea, akasema, "Wewe si wa biashara, Wakili."

Wakili. Neno lile lilinikaa kooni hadi nyumbani.

Kwa sababu tazama mimi. Pale stejini, kwenye benchi la kahawa, kuna wazee wanaoniletea makaratasi. Mkataba wa kiwanja. Barua ya chifu. Siku moja mama mmoja alinipa mkataba wa kuuza robo ya shamba lake, nikausoma, nikamwambia uko sawa. Akatia kidole. Haukuwa na shida, namshukuru Mungu, lakini mama yule alitia kidole kwa sababu ya mwaka ulioandikwa kwenye paji langu, mwaka wa barua ya chuo, ambao nilikuwa nimeacha uendelee kusomeka. Sikuwahi kusema mimi ni wakili. Kwani nani amesema? Si wameniita wenyewe?

Nilikuwa nimemhukumu rafiki yangu kwa elfu ishirini na tano, na mimi mwenyewe nilikuwa lundo la nafaka, kavu juu.

Nilimkuta nyanya uani anapepeta mchele. Nikakaa kwenye kigoda, nikamrudishia kitambaa na sarafu yake ndani, nikamwambia chuo nimekiacha. Sikuzunguka. Nikamwambia ni tangu lini, na kwa nini, na kwamba asubuhi ile alipokunja kiganja changu nilijua na nikanyamaza.

Hakuacha kupepeta. "Mjukuu wangu," akasema, "mtu anayesoma hatii nanga nyumbani mwaka mzima. Nilijua zamani."

"Sasa mbona ukanipa?"

"Nilikupa nione utanirudishia nini."

Nimelifikiria jibu lile kuliko kitu chochote nilichosoma darasani, kwa sababu linavuruga nadharia yangu nzuri. Nilisema uongo hauna pa kukaa pale wote wawili wanapojua. Nyanya alijua, nami nilijua. Mbona basi niliona aibu vile? Nadhani ni kwa sababu mimi sikujua kwamba yeye anajua. Ndani ya moyo wangu, alikuwa bado mnunuzi asiyejua, na nilichukua mali yake nikiamini hivyo. Bahati kwamba hakudanganyika hainisafishi, kama vile mwizi aliyekuta sanduku tupu hawi mwaminifu.

Na kuna la pili. Yeye pia alinyamaza. Miezi minane alinipikia, akaniita wakili mbele ya majirani, akijua. Kama kunyamaza ni uongo, basi nyanya yangu ni mwongo, na hilo silikubali. Hapa Cicero ananisaidia kidogo: kimya changu kililinda mfuko wangu, kimya chake kilinipa nafasi ya kusema mwenyewe. Ukitaka kujua kimya ni cha aina gani, uliza kinamlisha nani. Changu kilinilisha mimi. Chake kilimgharimu yeye, na alikuwa tayari kimgharimu hata reale ya baba yake. Nadhani hiyo ndiyo huruma, na nadhani haki ilikuwa upande wangu kuitekeleza, kwa kufungua mdomo. Yale maneno mawili ya ukingoni hayawezi kushikwa na mtu mmoja peke yake.

Siku hizi sarafu imerudi kwenye mkebe. Kodi nimeilipa nusu, kwa kuandika maelezo ya nyumba za kupangisha wageni, kazi ambayo ina vishawishi vyake vya aina hiihii. Kila mwenye nyumba anataka "hatua mbili kutoka baharini". Wazee wa benchi niliwaambia nao, asubuhi moja, kahawa ikiwa bado moto. Walinitazama. Mmoja akauliza kama naweza bado kusoma Kiingereza cha kwenye mikataba. Nikasema naweza, ila mimi si wakili na sitakuwa, na jambo la shamba walipeleke kwa wakili wa kweli. Wakaitikia. Dakika mbili baadaye yuleyule akaniambia, "Haya, Wakili, sogeza hiyo kahawa."

Nikasogeza. Jina limebaki, kama 1780 ilivyobaki. Lakini sasa wanajua, nami najua kwamba wanajua. Na yule mama wa robo shamba nilimfuata kwake, nikamwambia, nikampeleka Kwale mwenyewe, kwa nauli yangu, mkataba ukasomwe na mtu aliyemaliza chuo.

Ulikuwa sawa. Lakini hilo sikulijua mpaka tuliposomewa.